Mti ni wa Nani? Historia ya Viunga vya Kerala

Nyumba ya kijijini huko Kerala, katika pwani ya Malabar kusini-magharibi mwa India, haisimami kwenye uwanja mtupu. Imezungukwa na kiunga ambacho wenyeji hukiita purayidam, yaani mahali pa nyumba, na ndani yake mimea inaishi kwa ghorofa. Juu kabisa iko minazi. Chini yake iko miembe, mifenesi na mipopoo, na mpilipili manga umekwea kila shina linaloweza kuubeba. Migomba inajaza nafasi zilizosalia, na kivulini mwake huota tangawizi, manjano, majimbi na viazi vikuu. Mara nyingi eneo lote halifiki hata ekari moja. Wengi walioandika juu ya viunga hivi wamevisifu kama masalia ya msitu wa asili, kana kwamba Wamalayali, watu wa Kerala, waliujenga mji bila kuufukuza mwitu. Sifa hiyo inavutia, lakini inaficha jambo kubwa. Historia ya Malabar inaonyesha kwamba kilichoamua mmea gani uishi kando ya nyumba si asili ya mmea huo, wala si mapenzi ya mababu kwa maumbile. Lililoamua zaidi ni swali la sheria: mti ukishakua, ni wa nani?

Tuanze na suala la asili, kwa sababu ndilo linalotajwa kwanza. Mpilipili manga ni mwenyeji halisi. Jamii zake za mwituni bado zinaota katika milima ya Ghats ya Magharibi, na biashara yake ilizileta meli za Misri na Roma hadi bandari ya Muziris karne ya kwanza. Mnazi nao una haki ya kuitwa mwenyeji, maana uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 unaonyesha kwamba pwani za India ya kusini na visiwa vya jirani ni mojawapo ya mahali pawili ambapo binadamu aliufuga mti huo. Lakini mkorosho, nanasi, mpapai, pilipili kali na muhogo vyote vilitoka Amerika, vikaletwa na Wareno baada ya Vasco da Gama kufika karibu na Calicut mwaka 1498, akiongozwa na rubani aliyempata Malindi. Lugha ya Kimalayali haikuficha ugeni wao. Karanga huitwa kappalandi na papai katika sehemu za katikati huitwa kappalanga, na kappal maana yake ni merikebu. Hata hivyo, jina la meli halikumzuia mgeni kukaribishwa. Hendrik van Rheede, gavana wa Waholanzi huko Cochin kuanzia mwaka 1670 hadi 1677, alipokusanya habari za mimea ya nchi, mganga Itty Achudan wa jamii ya Waezhava ndiye aliyekuwa nguzo ya kazi hiyo, pamoja na wasomi watatu wa Kibrahmani, Ranga Bhat, Vinayaka Pandit na Appu Bhat. Matokeo yake ni Hortus Malabaricus, majuzuu 12 yaliyochapishwa Amsterdam kati ya 1678 na 1693, yenye mimea zaidi ya 700. Mnazi unafungua juzuu la kwanza. Mkorosho na nanasi vimo pia, vyote na majina ya Kimalayali. Kufikia wakati huo, chini ya miaka 200 tangu Wareno wafike, mimea ya Amerika ilikuwa imeingia katika elimu ya nchi pamoja na ile ya kale.

Kwa nini mkulima alikuwa tayari kuipanda? Jibu moja ni ladha na faida, nalo ni kweli, lakini halitoshi, kwa sababu mti wa matunda ni deni la miaka mingi. Anayepanda mnazi leo atasubiri miaka sita au zaidi kabla ya kuangua dafu la kwanza, na hakuna mwenye akili atakayeumwagilia mti ambao kesho utakuwa wa mwingine. Malabar ilikuwa na jibu lake la zamani, lililoitwa kuzhikanam. Kuzhi ni shimo, nalo neno lenyewe linaonyesha msingi wa mapatano: mpangaji alichukua ardhi tupu ya bwana, akachimba mashimo, akapanda, na akitolewa alistahili kulipwa thamani ya miti aliyoiotesha. Ardhi ilikuwa ya mmoja na jasho lililogeuka shina lilikuwa na haki yake. Mkazi wa Zanzibar au wa pwani ya Kenya hahitaji kufafanuliwa zaidi. Huko nako mnazi au mkarafuu uliweza kuwa mali ya mtu asiyemiliki ardhi chini yake, na ndiyo maana wenye mashamba waliwaruhusu maskwota kulima muhogo na mtama lakini wakawakataza kupanda miti ya kudumu. Walijua kwamba mti ni ushahidi.

Waingereza walipoitwaa Malabar mwishoni mwa karne ya 18, mahakama zao zilimtambua bwana, janmi, kama mmiliki kamili wa ardhi, na ulinzi wa mpandaji ukadhoofika. Wapangaji walifukuzwa kwa wingi. Mwaka 1881 serikali ya Madras, iliyoisimamia Malabar, ilimtuma ofisa wake William Logan kuchunguza, naye akaona kwamba ghasia za wakulima Waislamu, Wamappila, zilitokana na ardhi zaidi ya dini. Sheria ya mwaka 1887 iliyofuata ilihusu jambo moja mahususi: fidia ya mpangaji kwa kile alichokiendeleza, na kilichoendelezwa, katika nchi ile, kilikuwa miti. Sheria nzima ya nchi ilibidi itungwe juu ya minazi na mifenesi ya watu waliofukuzwa. Sioni ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba kiunga kilikuwa hati ya haki kabla ya kuwa bustani.

Upande wa pili wa ushahidi ni mti uliokosekana. Msaji, ambao wengi Tanzania huuita mtiki, ni mwenyeji wa Kerala tangu kale. Unaota vizuri, mbao zake haziliwi na mchwa, na bei yake ni kubwa. Kwa hoja ya uasilia, ungetarajiwa kujaa katika kila kiunga. Lakini katika ufalme wa Travancore, kusini mwa Kerala ya leo, msaji, abunusi, msandali na itti, ambao ni ndugu wa mpingo wetu, ilikuwa miti ya mfalme, hata ikiwa imeota katika ardhi ya raia. Raia aliyeuona mche wa msaji umechipua kando ya jiko lake alikuwa na kila sababu ya kuung'oa ungali laini, maana ukikua ungemletea maofisa na usingempa hata boriti. Huko Malabar ya Waingereza, misaji ya msituni ilikatwa kwa ajili ya meli hadi H. V. Conolly, mtawala wa wilaya, alipoanza miaka ya 1840 kupanda misaji Nilambur akisaidiwa na Chathu Menon. Shamba hilo huhesabiwa kuwa miongoni mwa mashamba ya kwanza kabisa ya misaji duniani. Basi mti mwenyeji ulilazimika kuoteshwa na serikali kwa mistari, huku mkorosho wa Brazili ukiota kwenye kila kilima bila kuagizwa na mtu.

Muhogo unaonyesha jambo hilohilo kwa haraka zaidi. Ulikuwa umeshafika zamani, lakini ulienea Travancore chini ya Visakham Thirunal, aliyetawala kuanzia 1880 hadi 1885 na aliyewahimiza watu kuupanda. Sifa yake ni ya haki, na mwaka 1942, mchele wa Burma ulipokatika kwa sababu ya vita, muhogo ndio uliozilisha nyumba nyingi. Ila wimbo wa mfalme mwema unasahau tangazo la mwaka 1865, lililowapa wapangaji wa ardhi ya serikali umiliki kamili wa walichokilima. Mfalme alihimiza watu waliokuwa tayari na pa kupanda.

Kuna pingamizi moja zito. Katika kona ya kusini-magharibi ya viunga vingi vya kale kuna sarpa kavu, kichaka cha nyoka watakatifu, ambamo hakuna shoka linaloruhusiwa. Humo miti ya msitu wa kale imesalia, na mimea isiyojulikana kwingineko imepatikana ndani ya vichaka vya namna hii. Je, hii si dini ikihifadhi maumbile bila msaada wa sheria yoyote? Nakubali kwamba hofu ya nyoka ilifanya kazi ambayo hakuna ofisi ya misitu ingeweza kuifanya. Lakini kavu ilikuwa ya ukoo mzima, na ukoo ulishikilia ardhi bila kuigawa. Kanuni ya mwaka 1925 ya Wanair, jamii yenye koo za namna hiyo, huko Travancore iliporuhusu mali ya ukoo kugawanywa, na sheria ya Kerala ya mwaka 1975 ilipoufuta umiliki wa pamoja wa ukoo wa Kihindu, vichaka vilianza kugawanywa pia, na nyoka wengi wakahamishiwa hekaluni kwa tambiko maalumu. Imani haikufa kwa sheria hizo. Kilichokufa ni umiliki uliokuwa umeishikilia.

Pingamizi la pili linaniumiza zaidi, kwa sababu linatoka ndani ya hoja yangu. Mageuzi ya ardhi ya Kerala, yaliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1970, yalifuta upangaji na kuwapa wakazi wa vibanda haki ya ardhi iliyowazunguka, hadi senti 10 kijijini, ambayo ni sehemu ya kumi ya ekari. Atakayekumbuka eka tatu walizogawiwa wakulima wa Zanzibar baada ya 1964 ataona tofauti ya ukubwa, lakini ataitambua roho yake. Iwapo haki ndiyo mama wa kiunga, kwa nini baada ya hapo vilima vingi vilivaa sare ya mpira, mti wa Amazon uliopandwa kibiashara Thattekkad mwaka 1902? Sehemu ya jibu imo katika sheria ileile, ambayo iliweka kikomo cha ardhi lakini ikasamehe mashamba ya chai, kahawa na mpira, na hivyo mwenye ardhi kubwa akapewa sababu ya kupanda mti mmoja. Mwenye senti 10 hakuingia katika mchezo huo. Alihitaji nazi, ndizi, mboga na viungo vya mchuzi kutoka mahali pamoja, akapanda vyote. Haki peke yake haizai kiunga chenye mimea mingi. Lakini bila haki hakuna kiunga chochote, na hili waliolijua kuliko wote ni Wapulaya, waliolima mpunga wa wengine kwa karne nyingi. Hata baada ya mageuzi, wengi wao walipata ardhi ya kibanda tu na si mashamba waliyoyalima. Katika makazi yao ya senti chache, wako waliolazimika kuwazika wafu wao chini ya sakafu ya jiko.

Ningeeleweka vibaya kama ningedhaniwa kusema kwamba asili haina maana. Kudampuli, tunda chachu la Ghats linaloupa mchuzi wa samaki wa Kerala ladha yake, halina mbadala. Na wako wageni waharibifu kweli: konokono mkubwa wa Afrika Mashariki anayekula migomba michanga, au gugu lililoziba mifereji ya mpunga ambalo Wamalayali waliliita payal ya Afrika ingawa lilitoka Brazili, hadi mdudu aliyeletwa miaka ya 1980 alipolipunguza. Majina hudanganya. Mkwaju wa Afrika, uliokaa India tangu zamani sana, Waarabu waliuita tende ya Kihindi. Mgeni mbaya hutambulika kwa kufukuza wenzake, nao mkwaju umeishi na majirani zake bila kumtoa yeyote.

Swali la mwenye mti halijazeeka. Oktoba 2020 serikali ya Kerala ilitoa agizo la kuwaruhusu wakulima waliogawiwa ardhi kukata miti iliyoota humo baada ya kugawiwa, isipokuwa msandali. Huko Muttil, wilaya ya Wayanad, agizo hilo lilitumiwa kuangusha itti kubwa za kale ambazo kisheria zilikuwa bado za serikali, na Februari 2021 likafutwa. Wakulima wadogo waliokuwa wameuza itti za viwanjani mwao kwa bei ndogo walijikuta wakiandikiwa mashtaka, kwa miti ambayo kivuli chake kiliangukia nyumba zao na ambayo haijawahi kuwa yao.