Ukungu wa Arafa

Tarehe tisa Mfungo Tatu, kuanzia jua linapopinduka hadi linapotua, hujaji yuko Arafa. Mwanamume amevaa shuka mbili za ihramu na kichwa chake ki wazi, kwa kuwa kofia na kilemba vimekatazwa. Uwanja ni wa mchanga na changarawe, na milima ya mawe iliyouzunguka hurudisha joto lote inalopokea. Anayetaka kujua kwa nini leo juu ya njia za mahujaji kumesimamishwa nguzo zinazonyunyiza maji aanzie hapo: jua la utosi, vichwa visivyofunikwa, na mamia ya maelfu ya watu ambao ibada yao inawataka wabaki palepale.

Mimi ni muuguzi mstaafu wa Tanga. Nilipokuwa kazini nilifuatana na misafara ya mahujaji wetu, wengi wao wazee waliodunduliza fedha za nazi na machungwa maisha yao yote, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwalinda na joto. Ndiyo maana historia hii naipenda, na sipendi isimuliwe kana kwamba ilianza na pampu za umeme.

Ilianza na mfereji. Zubeda, mke wa Khalifa Harun Rashid wa Baghdad, aligharimia kazi ya kuwafikishia watu wa Makka na mahujaji maji kutoka chemchemi za milimani. Mfereji wake, ukikarabatiwa kizazi baada ya kizazi, ulitumika kwa zaidi ya miaka 1,000. Kivuli nacho ni cha zamani kuliko mfereji. Ummul-Husayn, aliyekuwapo katika Hija ya Kuaga, amepokewa katika Sahihi ya Muslim akieleza alivyowaona Bilali na Usama: mmoja ameshika hatamu ya ngamia wa Mtume, mwingine ameinua nguo kumkinga na joto mpaka akamaliza kurusha mawe. Kisa hicho nilikisimulia mara nyingi. Mzee mmoja wa msafara wetu alikuwa akiyakwepa manyunyu, akiniambia, "Mwanangu, nimekuja kutafuta thawabu, sikuja kustarehe." Nilimkumbusha Bilali na Usama. Alinyamaza kidogo, kisha akaja kusimama chini ya nguzo pamoja na wenzake.

Miaka ya 1980 Hija ilikuwa imeangukia tena majira ya joto kali, na wagonjwa wa kiharusi cha joto walijaa hospitalini. Uwanja wa Arafa ukapandwa miti ipatayo 50,000, na miti hiyo ni mwarobaini, huuhuu tunaouchemsha majani kwa homa. Mahujaji wetu wakiuona hufurahi kama waliokutana na jirani ugenini.

Wakati huohuo madaktari walikuwa wamekwisha kuleta jambo jipya. Mustafa Khogali, Msudani aliyefundisha tiba Kuwait, na Joseph Weiner, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa amechunguza namna joto linavyowaathiri wachimbaji wa dhahabu, walichapisha mwaka 1980 katika jarida la Lancet maelezo ya kitanda cha kupoza mwili. Mgonjwa halazwi kwenye godoro. Analazwa juu ya wavu, ili hewa impate pande zote. Ananyunyiziwa maji ya nyuzi 15 yaliyopasuliwa kuwa ukungu, na papo hapo anapulizwa kwa hewa ya nyuzi 45. Hewa ya moto, kwa mtu anayeungua! Lakini hoja yao ilikuwa madhubuti. Ngozi ikipigwa na baridi kali, mishipa ya damu husinyaa, mwili hutetemeka, na joto hufungiwa ndani. Ngozi ikidumishwa kwenye nyuzi 32 au 33, damu huendelea kuja juu, maji hukauka haraka, na kila tone linalokauka huondoka na joto. Kugeuza gramu moja ya maji kuwa mvuke kunakula joto zaidi ya mara tano ya lile linaloyatoa maji hayo kwenye ubaridi wa barafu hadi yachemke. Jasho hufanya kazi hiyohiyo. Mzee aliyeishiwa jasho anahitaji kutoleshwa jasho na watu wengine.

Kwa macho ya muuguzi, nguzo za Arafa ni kitanda kile kilichotolewa wodini na kusimamishwa njiani, kimtangulie mtu kabla hajaanguka. Za Arafa hutoa rasharasha linalolowesha ihramu. Feni za Mina na za uwanja wa Msikiti wa Mtume kule Madina, chini ya miavuli yake mikubwa 250, hutoa ukungu mwembamba unaopotea hewani kabla hujauhisi kama maji. Ni maji matupu, maana mwenye ihramu hatiwi manukato. Bibi zetu waliozoea kupokea marashi ya mrashi katika maulidi huunusa kwanza.

Watu hunishauri tufunge feni za namna hiyo Tanga na Unguja. Siungi mkono. Hewa ya Makka ya Juni ni kavu na inayanywa maji kwa pupa. Hewa yetu ya kaskazi imekwisha kushiba. Ukungu kwetu utatuongezea fukuto. Hata Jidda, kilomita 70 hivi tu kutoka Makka lakini pwani, hali ni ileile. Sisi dawa yetu ni upepo wa bahari, baraza lenye kivuli na paa la makuti.

Tarehe 17 Juni 2024 kipimajoto cha Msikiti Mtakatifu kilifika nyuzi 51.8. Serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301, na kwamba asilimia 83 ya waliokufa hawakuwa na kibali cha Hija. Walitembea masafa marefu juani bila hema wala pa kupumzika. Habari ile iliniliza. Najua sababu za vibali, na nimeona msongamano unavyoua. Lakini maji ya Zubeda hayakumuuliza mtu karatasi, na ukungu nao usiulize. Nguzo ziongezwe hadi kwenye barabara za kandokando ambako wanyonge wale hupita.

Muda upo. Hija hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa jua, kwa hiyo sasa inaelekea kwenye miezi ya baridi, na haitafika tena Agosti mpaka karibu mwaka 2050. Mwarobaini uliopandwa mwaka huu pembezoni mwa barabara hizo utakuwa umekomaa na kutanua matawi mapema kabla ya hapo.