Mnara wa Maji Ulioungua na Moto

Ndugu msomaji, ukifungua mfereji maji yakatoka kwa nguvu, ushawahi kujiuliza yanasukumwa na nini? Basi twende pamoja mpaka Riverside, kijiji kilicho nje kidogo ya jiji la Chicago, Marekani.

Kijiji hiki kilipangwa mwaka 1869 na Frederick Law Olmsted na mwenzake Calvert Vaux. Barabara zake hazikunyooshwa, zinapinda kama mto Des Plaines unaopita hapo. Watu walihitaji maji, na mwaka 1871 ukajengwa mnara. Aliyeuchora ni William Le Baron Jenney, yule yule ambaye jengo lake la ghorofa Chicago, la mwaka 1885, lilikuja kumpa jina kubwa. Siri ya mnara ni ndogo tu: pampu hupandisha maji ya kisima hadi kwenye tangi la juu, kisha uzito wa maji wenyewe huyasukuma mpaka majumbani.

Lakini sikiliza ajabu. Sehemu ya juu ilikuwa ya mbao, na tarehe 1 Januari 1913 ikashika moto. Mnara wa maji, ukaungua! Wangeweza kuubomoa yakaisha. Hawakufanya hivyo. Mwaka huo huo waliutengeneza, safari hii kwa tangi la chuma. Mpaka leo umesimama karibu na stesheni ya reli.

Je, sisi kisima chetu kikiharibika, tunakitengeneza, au tunangoja aje mwingine? Jibu unalo wewe, ndugu yangu.