Eyam, kijiji kilichojifungia

Wadau, tumezoea historia ya Uingereza ya wafalme na vita. Leo nawaletea kijiji kimoja tu, Eyam, kule Derbyshire.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1665 mshonaji mmoja aliletewa vitambaa kutoka London, kumbe vina viroboto wenye tauni. Septemba msaidizi wake, George Viccars, akafa. Baada ya hapo watu wakaanza kupukutika.

Juni 1666 kasisi William Mompesson, akisaidiana na kasisi wa zamani Thomas Stanley, akawaomba wanakijiji wasitoke, wasije wakaambukiza majirani. Wakakubali! Chakula waliachiwa mpakani, hela za kulipia wakaziloweka kwenye siki. Agosti, Elizabeth Hancock alizika mume na watoto sita ndani ya siku nane. Inasemekana jumla walikufa kama 260.

Sasa jamani, kuna kitu kinanisumbua. Mompesson alikuwa ameshawatoa watoto wake kijijini kabla ya kufunga. Simwiti mnafiki, maana mkewe Catherine alibaki akihudumia wagonjwa, akafa Agosti hiyohiyo. Lakini Mama Hancock wake angewapeleka kwa nani?

Nyie mnaonaje?