Zamu ya Maji

Katika vijiji vya Oman, haki ilichimbwa ardhini pamoja na falaji, mfereji wa jamii. Maji yanapotokeza hufika kwanza mahali pa kunywa, ambapo mkaazi na mpita njia huchota bila malipo. Kisha hupita penye kutawadha na kuogea, na mwisho huingia mashambani. Huko hugawiwa kwa zamu. Kipimo chake, athar, ni takriban nusu saa, na kilifuatwa kwa kivuli mchana, kwa nyota usiku.

Tangu miaka ya 1970 pampu za injini zilienea. Mwenye pampu hakungoja zamu: alivuta peke yake, na pengi maji ya chini yakawashukia wote.

Mwaka 2006 UNESCO iliingiza falaji tano katika Urithi wa Dunia. Mawe yatahifadhiwa, zamu huhifadhiwa na wanaokubali kungoja.