WAZEE WA KEYA (Sehemu ya 3)

Wapendwa, baada ya post ya juzi wengi mmeniuliza: keya ndiyo nini? Keya ni KAR, jeshi la Mwingereza lililokusanya vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland. Mzee akikwambia "nilikuwa keya", jua alivaa kombati za mkoloni, na huenda alifika Burma.

Sasa piga hesabu. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1945 alizaliwa 1927, anagonga miaka 100. Hapa Mandewa kadi ya mgonjwa yenye mwaka huo sijaishika siku nyingi.

Hao watu walipita makubwa jamani. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw kwenye mvua isiyokatika, matope hadi magotini, malaria juu yake, mpaka Desemba wakavuka mto Chindwin. Wengine hata Burma hawakuiona. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives. Ilizama ndani ya dakika mbili hivi. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa kwetu. Na wauguzi zaidi ya 50 walikuwemo, wakaokoka wachache mno. Hapo mimi husimama kwanza kusoma.

Waliorudi walilipwa kiinua mgongo kwa rangi ya ngozi: Mwafrika pungufu kuliko mzungu wa cheo hichohicho. Mwaka 2018 ndipo Uingereza ikaahidi pauni milioni 12 kwa maveterani wa makoloni yake ya zamani wanaoishi kwa dhiki. Miaka 73 baada ya vita! Wangapi walikuwa bado wanapumua?

Wa Kagera je? Hao tunao. Aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipoanguka, 11 Aprili 1979, leo yuko kwenye foleni ya presha na tezi dume, ametulia tu na daftari lake. Sisi tunamwita "babu, njoo upime", basi. Ukikaa naye muulize walivukaje mto Kagera wakati daraja la Kyaka lilishalipuliwa, walikula nini, nani hakurudi naye. Simu unayosomea hapa inarekodi sauti.

Kesho nakuja na mgambo.