Ukuta wa Mifupa Uliobakizwa Utah

Mzazi anayepanga kuwapeleka watoto Dinosaur National Monument, hifadhi ya nchi kame iliyotanda mpakani mwa majimbo ya Utah na Colorado huko Marekani, huanza na hesabu za maji, jua na mafuta ya gari. Hesabu hizo ni za lazima. Lakini liko swali la historia linalofaa kutangulia, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloonyesha safari hiyo ina faida gani: imekuwaje mifupa ya dinosaria ingalipo pale pale ilipofukiwa, ilhali kwingi duniani ilichimbuliwa ikahamishiwa mijini? Hoja yangu ni kwamba hifadhi hii inadumu kwa sababu watu waliamua kuacha kuchimba, na uamuzi huo ukalazimika kutetewa tena na tena.

Mwanzo haukuwa hivyo. Agosti 1909 Earl Douglass, mtaalamu wa visukuku aliyetumwa na Makumbusho ya Carnegie ya Pittsburgh, aliona pingili nane za mkia wa Apatosaurus zimejitokeza kwenye mwamba wa mchanga, zimefuatana kama zilivyokuwa mnyama alipokuwa hai. Tajiri Andrew Carnegie alitaka viunzi vikubwa vya kujaza kumbi za makumbusho yake, na fedha zake zikageuza kilima kile kuwa machimbo. Kufikia 1922 zilikuwa zimesafirishwa takriban tani 350 za mifupa pamoja na mawe yaliyoishikilia. Hata ulinzi wa kisheria ulianza kwa nia ya kuchimba. Makumbusho yaliomba kumilikishwa eneo hilo kwa sheria ya madini, serikali ikakataa kwa kuwa mifupa ya dinosaria si madini. Ndipo Oktoba 1915 Rais Woodrow Wilson akazitangaza ekari 80 kuwa hifadhi ya kumbukumbu ya taifa, na makumbusho yakaendelea kuchimba kwa kibali. Mpaka ule uliwazuia washindani. Mifupa yenyewe iliendelea kuondoka.

Wazo la kuibakiza lilitoka kwa mchimbaji mwenyewe. Mwaka 1923 Douglass alipendekeza kwamba mifupa iliyosalia ichongwe ionekane vizuri bila kubanduliwa, kisha ijengewe paa ili watu waione ilipolala. Miaka 35 ilipita kabla ya jengo lenye mwamba huo kama ukuta wake mmoja kufunguliwa, 1958. Ukutani mna mifupa kama 1,500 ya Allosaurus, Diplodocus, Camarasaurus, Stegosaurus na wengineo, walioishi miaka milioni 149 hivi iliyopita. Imelaliana, miguu ya huyu juu ya mbavu za yule, na vurugu hiyo ndiyo ushahidi: hapo palikuwa na mto, na wataalamu wanaeleza kwamba wanyama walikufa kwa ukame mkali, kisha mafuriko yakaikokota mizoga na kuifunika kwa mchanga. Kiunzi kilichosimamishwa mjini humwonyesha mtoto ukubwa wa mnyama. Ukuta huu humwonyesha mnyama alifikaje mwambani, tena mtoto anaruhusiwa kugusa baadhi ya mifupa hiyo.

Atakayepinga atasema hapakuwa na busara yoyote hapo, fedha ziliisha tu. Ni kweli Carnegie alifariki 1919, na makumbusho yake yakaondoka miaka mitatu baadaye. Lakini ukosefu wa fedha huacha shimo, haujengi paa. Katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, vibarua wa serikali waliondoa mwamba uliofunika tabaka la mifupa, na 1938 Rais Franklin Roosevelt akaipanua hifadhi hadi zaidi ya ekari 200,000, ikajumuisha makorongo ya mito Green na Yampa. Ulipokuja mpango wa kujenga bwawa Echo Park, ndani ya mipaka hiyo, wananchi waliupinga hadi Bunge likauondoa mwaka 1956. Maji ya bwawa yasingeufikia ukuta, ila mpaka wa hifadhi ungekwisha kuzoeleka kuvunjwa. Kisha 2006 jengo lenyewe likafungwa, kwa kuwa udongo wa chini yake huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, nao ulikuwa umelitikisa. Likakarabatiwa na kufunguliwa tena 2011.

Pingamizi zito zaidi ni la sayansi: mfupa ulio mwambani hauwezi kugeuzwa ukachunguzwa kila upande, na Douglass asingechimba, tusingejua mengi. Nakubali; ninachotetea ni kubakiza sehemu. Sisi wa Afrika Mashariki tunaweza kuipima hoja hiyo kwa Tendaguru, mkoani Lindi. Huko nako uchimbaji mkubwa ulianza 1909, chini ya Wajerumani Werner Janensch na Edwin Hennig, katika miamba inayokaribiana umri na ile ya Utah. Wapagazi walibeba zaidi ya tani 200 kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na leo kiunzi cha Giraffatitan, chenye kimo cha zaidi ya mita 13, kimesimama Berlin. Sayansi ilinufaika. Lakini chini ya ukoloni hakuna aliyewauliza wenyeji kipi kibaki, na mtoto wa Lindi anayetaka kukiona kiunzi hicho hana budi kuvuka bahari.

Historia hii inaongoza hata mpango wa safari. Ukuta uko upande wa Utah, karibu na mji wa Jensen. Familia itakayoishia upande wa Colorado itaona makorongo ya kuvutia bila ukuta wa mifupa. Wakati wa kiangazi wageni wengi hupelekwa ukutani kwa mabasi madogo, hivyo ni vyema kufika asubuhi. Muhimu zaidi, watoto waelezwe kabla ya kuondoka kwamba walichofuata kipo kwa sababu watu waliokuwa na uwezo wa kukichukua walikiacha. Hapo marufuku ya kuokota hata kipande cha mfupa njiani itakuwa na maana kwao, maana ni uamuzi ule ule, na sasa zamu ya kuushika ni yao.