Gereji bubu na mwaka 1983

Haya wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongelee klachi. Msikimbie, siasa zitarudi zenyewe.

Ukikatiza mitaa ya Tandika, Temeke au Mwananyamala kule Kinondoni, hukosi kuona gari limewekwa juu ya mawe uani kwa mtu. Giaboksi imeshushwa, fundi yuko uvunguni, inaonekana miguu tu. Wakubwa wa jiji huziita sehemu hizi gereji bubu, na kila baada ya muda hutaka ziondolewe. Mimi naona tunawahukumu watu hawa bila kujua walikotoka.

Kwanza, kwa wale ambao gari kwao ni ufunguo na mafuta tu. Flaiwili ni duara zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini. Presha pleti inaibana klachi pleti kwenye uso wa flaiwili, na hapo ndipo nguvu inapopita kwenda kwenye giaboksi. Klachi pleti ina laini zilizoshikiliwa na ribiti. Laini zikiisha, injini inavuma lakini gari halivuti. Ukiendelea kulazimisha, ribiti zinachimba flaiwili, nayo itabidi ipelekwe kukerezwa, au ubadilishe kabisa.

Sasa fikiria kazi hiyo wakati nchi haina spea. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera. Vita ilikula fedha za kigeni, na mwaka 1979 bei ya mafuta ikapaa duniani kote. Spea zikawa dhahabu. Katika hali kama hiyo pleti iliyokwisha haitupwi: inavuliwa laini, inapigwa nyingine kwa ribiti, inarudi barabarani. Fundi asiye na kifaa cha kuilenga pleti katikati anatumia shafti ya giaboksi nyingine, au mti uliochongwa ukaenea kwenye tundu. Huo ndio ufundi ambao leo tunauita wa kubabaisha!

Halafu ukaja mwaka 1983, mwaka ambao kwangu unaeleza mengi. Machi, Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako wa wahujumu uchumi, na watu wakaogopa hata kuonekana na bidhaa. Mwaka huohuo serikali ilikubali mabasi ya watu binafsi yabebe abiria Dar, kwa sababu UDA ilikuwa imezidiwa. Hapo daladala zikapata uhalali. Na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya Nguvu Kazi, ambayo watu wasio na kazi inayotambulika walikamatwa kwayo na kurudishwa vijijini.

Unaona kitendawili hicho? Serikali ilihitaji daladala zitembee. Daladala, kwa kusimama na kuondoka kila kituo, hutafuna klachi kama karanga. Lakini kijana mwenye spana uani, asiye na leseni wala mwajiri, angeweza kuhesabiwa mzururaji. Mkono mmoja ulimhitaji, mwingine ulimsaka.

Mpaka wa Kenya ulifunguliwa tena Novemba 1983. Bajeti ya 1984 ikaruhusu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa bila kuulizwa sana walizipataje. Baadaye yakamiminika magari yaliyotumika kutoka Japani. Spea zikajaa Kariakoo, lakini ufundi wa uani haukufa. Leo magari mengi ya hapa mjini ni ya otomatiki, hayana hata pedeli ya klachi, na mafundi walewale wanajifunza upya, wakifungua na kufunga mpaka waelewe.

Simaanishi oili imwagwe hovyo kwenye mitaro, wala barabara zifungwe na magari mabovu. Majirani nao wana haki. Lakini kumfukuza fundi bila kumwonyesha pa kwenda ni kurudia 1983. Mpeni eneo, maji na umeme, mtozeni kodi kama wengine.

Bubu? Hawa hawajawahi kuwa bubu, wadau. Ni sisi ambao hatujawasikiliza.

Wiki njema.